Alama Saba Zilizofutwa

Kila asubuhi Maua na mama yake walitoka nyumbani pamoja. Maua alisoma darasa la tano katika shule ya msingi ya kijijini kwao, kata ya Mzenga, na mama yake alipika uji wa shule hiyo hiyo. Walipofika, Maua alikwenda kufagia darasa, mama akajaza pipa la maji ya kunywa na kuwasha moto.

Mvua za masika zilipoanza, wanafunzi walianza kuumwa tumbo. Katika wiki mbili, wanafunzi kumi na tisa wa darasa la tano waliugua. Mwalimu Wilhelmina wa sayansi hakuwaeleza sababu. Aliandika ubaoni, "Kwa nini tunaumwa?" kisha akawataka walitafute jibu wenyewe. Kundi moja lilichunguza vyoo, jingine vyakula. Maua na Castory, aliyekaa naye dawati moja, walipewa kazi ya kumuuliza kila mwanafunzi anakunywa maji gani, ya pipa au ya nyumbani, na kuweka alama kwenye jedwali.

Walipomaliza kuuliza, Maua alitazama jedwali akashtuka. Kati ya wagonjwa kumi na tisa, kumi na sita walikunywa maji ya pipa. Wazazi walikwisha kuanza kunong'ona kuhusu jiko la shule. Wakijua haya, mama si atafukuzwa? Castory alipoondoka, Maua alichukua ufutio akafuta alama saba za waliokunywa maji ya pipa.

Kesho yake Mwalimu Wilhelmina alisoma jedwali mbele ya darasa. Akahesabu tena.

"Wagonjwa ni kumi na tisa. Hapa wako kumi na wawili," alisema. "Saba wamekwenda wapi?"

Castory alisema aliwauliza wote. Wenzake wakaguna, wakasema ni mvivu, alikuwa akicheza mpira badala ya kuuliza. Castory alimtazama Maua, akisubiri amtetee. Maua aliinamisha kichwa. Nje ya dirisha, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamepanga foleni kwenye pipa. Mmoja alichota kikombe, akanywa, akampa mwenzake.

Maua alisimama.

"Mwalimu, nimefuta mimi. Castory hana kosa. Wagonjwa wengi walikunywa maji ya pipa. Tafadhali wazuie wale watoto."

Mwalimu alitoka mbio, akalifunika pipa.

Mama Maua alipoitwa, alieleza kwamba tangu bomba la shule liharibike alikuwa akichota maji kisimani bondeni, na kuni zilitosha kuchemshia uji tu. Afisa afya alikuja siku iliyofuata, akapima maji ya kisima. Ilionekana kwamba mvua ilikuwa ikiingiza uchafu wa vyoo kisimani. Kisima kilifungwa, kamati ya shule ikatengeneza bomba, na wazazi wakakubali kuleta kuni za kuchemshia maji ya kunywa. Hakuna aliyemfukuza mama. Kufikia mwisho wa mwezi, wagonjwa wote walikuwa wamerudi darasani.

Maua alimwomba Castory radhi. Castory alihamia dawati jingine, akakaa siku mbili bila kusema naye, kisha akarudi kwenye dawati lao.

Lililomtisha zaidi Maua lilikuwa kuzungumza na mama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa bado na majivu.

"Uliogopa kwa ajili yangu, nimeelewa," alisema mama. "Lakini mwanangu, mimi nilikuwa nikiwanywesha watoto wa watu maji mabaya bila kujua. Ungenificha ukweli, ningeendelea kuwaumiza kila siku. Unapotafuta jibu, pokea lile unalolikuta, hata kama linatugusa sisi."

Maua aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, na mama akamwacha alie.