Ruta ya Zamani Chumbani kwa Bibi

Asubuhi ile mshonaji alisimamisha cherehani yake sebuleni, akajikung'uta nyuzi, akachukua simu. Ilikuwa siku ya mazoezi ya mama mkwe wake. Nyumba nzima ilimwita Bibi.

Bibi alivunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji kwenye hospitali ya mbali, kisha akarudishwa nyumbani. Sasa alikuwa anajifunza kutembea upya, akishikilia fremu ya chuma yenye miguu minne. Mtaalamu wa mazoezi alimwona kwa simu ya video. Bibi alimwita "yule binti wa miguu."

Chumba cha Bibi kilikuwa nyuma kabisa. Mwanawe, fundi mwashi, alikijenga mwenyewe kwa matofali mazito ya saruji, na akajivunia sana. Lakini ruta ilikuwa sebuleni, pale waya wa intaneti ulipoingilia. Waifai ilipofika kwa Bibi ilikuwa hoi.

"Vizuri, Bibi," mtaalamu alisema kwenye simu. "Sasa ninyi mnaomsaidia, mkimkalisha, ule mguu wa kushoto usi—"

Picha ikaganda. Mdomo wa mtaalamu ulibaki wazi.

"Usi nini?" Bibi aliuliza.

Mshonaji alipiga tena. Wapi! Alijaribu bando la simu, nalo mle ndani halikushika. Alitoka uani akapiga simu ya kawaida. Iliita mpaka ikakata. Mtaalamu alikuwa na mgonjwa mwingine.

Alirudi kwenye cherehani, lakini akili haikutulia. Usi nini? Usinyooshwe? Usikanyage? Alishona mkono wa shati nje ndani, akaufumua, akaushona vilevile tena.

Mchana alimkalisha Bibi kwenye kigoda ale chakula. Hapo ndipo ujumbe ulipoingia: "Samahani, tulikatika. Nilitaka kusema, mguu wa kushoto usikunjwe goti likapanda juu ya nyonga. Asikae kwenye kiti kifupi."

Mshonaji alikitazama kile kigoda.

"Mama, usiiname! Nishike. Pole pole." Alimwinua Bibi taratibu, akamkalisha kitandani, kisha akakimbia uani kupiga simu. Safari hii ilipokelewa.

"Ana maumivu makali?" mtaalamu aliuliza. "Mguu umekuwa mfupi, au umegeukia upande?"

"Hapana. Anasema yuko salama."

"Vyema. Dalili hizo zikitokea, mwahisheni hospitali mara moja. Lakini kesho asubuhi lazima nimwone akisimama na akitembea. Picha ikikatika tena, itabidi mumlete."

Mumlete! Njia ilikuwa mashimo matupu. Safari iliyopita Bibi alilia toka mwanzo hadi mwisho, na Bibi si mtu wa kulia.

Fundi aliporudi kutoka kazini alisimuliwa yote. Hata maji hakuomba. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akatoa ruta yao ya zamani, iliyoachwa walipopewa mpya.

"Moja ikishindwa, mbili zitaweza," alisema. Aliichomeka kwenye ile mpya kwa waya mrefu, akaupitisha waya mlangoni mpaka ukumbini, akaiweka ruta karibu na chumba cha mama yake, akaiwasha.

Taa zilimeta. Kisha intaneti ikapotea nyumba nzima, hata sebuleni.

"Umeiua!" mkewe alisema.

"Sijaiua. Nimei..." Fundi alikuna kichwa. "Ngoja nimwite Mama Waya."

Mama Waya alikuwa jirani yao. Kazi yake ilikuwa kufunga mitandao maofisini, na jina hilo alipewa na mtaa. Alikuja na kompyuta yake kwapani.

"Mume wangu ameharibu kila kitu," mshonaji alimwambia. "Na kesho asubuhi..."

"Hakijaharibika kitu, shoga. Kaa." Mama Waya alichomoa ule waya. Baada ya muda mfupi simu zikapata intaneti tena. "Fundi, umewahi kuona jengo moja lina wasimamizi wawili, na kila mmoja anatoa amri zake?"

"Nimeona. Ukuta ulipinda."

"Basi ndivyo ulivyofanya. Ruta hugawia kila simu anwani yake. Zikigawa mbili, simu hazijui zimsikilize nani. Tena hizi zako zenyewe zinatumia anwani moja. Lazima mpya ibaki msimamizi, na ya zamani iwe kibarua wake."

"Itakubali?" mshonaji aliuliza.

"Tutaiambia."

Mama Waya alichukua sindano ya mshonaji, akabonyeza kitufe kidogo kilichojificha nyuma ya ruta ya zamani mpaka taa zikazimika na kuwaka upya. "Sasa imesahau mambo yote ya zamani." Aliiunganisha na kompyuta peke yake, mbali na ile mpya, akafungua ukurasa wake wa mipangilio kwa anwani iliyoandikwa chini ya ruta.

"Kwanza naipa anwani nyingine, isigombane na mwenzake. Pili, nazima kazi ya kugawa anwani. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kisha naipa jina lilelile la waifai, na neno la siri lilelile, ili simu ihame yenyewe mkitembea. Na neno la kufungulia mipangilio nalibadilisha, mtu asije akaichezea."

"Na waya?" Fundi aliuliza.

"Waya utoke kwenye tundu la kawaida la mpya, uingie kwenye tundu la kawaida la zamani. Hili la rangi tofauti, la kupokelea intaneti, tuliache wazi." Alitazama mlangoni. "Lakini waya huu haulali sakafuni. Bibi atajikwaa."

Fundi aliuona waya aliokuwa ameutandaza mwenyewe, katika njia ya fremu ya mama yake. Alichukua drili, akatoboa ukuta wake juu ya mlango, akaupitisha waya darini akaubana kwa misumari midogo, na ruta ya zamani akaiweka chumbani kwa Bibi.

Asubuhi mshonaji hakugusa cherehani. Alisimama chumbani kwa Bibi, simu mkononi. Alipiga.

Uso wa mtaalamu ulitokea, safi.

"Msimamishe. Hivyo. Atembee mpaka dirishani." Mtaalamu alikodoa macho bila kusogea. Mshonaji alidhani picha imeganda tena. "Mguu uko sawa," mtaalamu alisema. "Ila mabega yamepanda. Hiyo fremu ni ndefu kwake. Jana sikuliona hili."

Fundi alipiga magoti, akaishusha fremu tundu moja. Bibi alitembea tena, na mabega yake yalitulia. Alifika dirishani, akageuka, akarudi, na picha haikukatika hata mara moja.

Mshonaji alijikuta ameketi kitandani.

Bibi alisogeza uso karibu na simu.

"Binti," alisema, "leo nakuona vizuri. Muda wote huu unanitembeza, kumbe mwenzangu umekaa tu! Hebu simama na wewe tukuone."