Honi ya Lori Ghorofa ya Pili

Honi ya lori ilinguruma ndani ya jengo, ghorofa ya pili, mahali ambapo hata baiskeli haifiki. Ilipigwa mara moja, ndefu, kisha injini ikaanza kupanda mlima kwa taabu.

Mkaguzi wa mizani alikuwa akitoka dukani kwa sonara na sanduku lake la mawe ya shaba ya kupimia. Alisimama ghafla katikati ya watu wenye haraka zao. Sauti ile aliijua. Baba yake aliendesha malori miaka thelathini mpaka goti likamgomea, na sasa alikuwa akishinda kwenye kiti dirishani, akiwakosoa madereva wa watu.

Akaifuata sauti. Ikamfikisha kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono, bisibisi mfukoni mahali ambapo wengine huweka kalamu. Kwenye kioo cha kompyuta mbele yake lori jekundu lilikuwa likikata kona.

"Huo mchezo unauzwa?"

Fundi aligeuka. Akaona sare ya kijivu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akaona beji, akaona macho yasiyocheka. "Mchezo unauzwa, dada. Mizani sina."

Mkaguzi hakucheka. Alimweleza habari za baba yake. Fundi hakukimbilia kuuza. Alianza kuuliza: kompyuta ya mzee ni ya mwaka gani, ina kumbukumbu kiasi gani, feni yake inapiga kelele? Aliposikia ni ile kuukuu iliyotolewa ofisini, alikuna kidevu. Akaeleza kwamba mchezo huo unapatikana kwenye maduka mawili ya mtandaoni. Duka kubwa, ambalo kadi zake za malipo alikuwa akiziuza yeye, linakulazimisha uweke programu yake, na programu hiyo hubaki macho nyuma ya mchezo, ikila kumbukumbu. Duka dogo linakupa mchezo mtupu, bila mlinzi.

"Kwa mashine ya mzee, nunua duka dogo. Ukienda kule kwingine, lori litaganda kila kona."

"Na wewe unapata nini?"

"Kwa duka dogo? Sipati kitu."

"Sijawahi kuona muuzaji anayemfukuza mteja."

"Sikufukuzi. Nataka urudi."

Jibu lilikuwa tamu, na kwa hiyo hakuliamini. Kwa miaka saba alikuwa ameshika mawe yaliyotobolewa chini na mizani iliyobandikwa sumaku, na wenye mizani hiyo walimkaribisha kwa tabasamu kila mara.

Hata hivyo alinunua duka dogo. Fundi alikwenda mwenyewe kuuweka mchezo, Jumamosi mchana. Mzee alivaa kofia yake ya kazi, akakaa wima, akapanda mlima wa kwanza bila kuganda hata mara moja. Kisha akaagiza fundi apewe kiti.

Tangu hapo simu hazikuisha. Fundi alimwita Mkaguzi wangu. Yeye alimwita Fundi tu, ila alilitamka polepole, kama anayelionja. Kila mchana fundi alipiga kumuuliza amekamata wangapi.

"Bado mmoja," alimjibu. "Namchunguza."

Miezi minne ikapita hivyo. Siku moja fundi akasema anataka kuja kuzungumza na mzee, mazungumzo ya watu wazima. Mkaguzi akaomba wiki moja.

Wiki hiyo shaka ikamrudia. Mtu asiye na kasoro, kwa kazi yake, ni mtu ambaye hajakaguliwa sawasawa. Basi akafanya alichozoea kufanya sokoni: akatuma mnunuzi wa uongo. Mwenzake wa ofisini, mwanamke mwembamba waliyemwita Robokilo, alikwenda kibandani kuulizia mchezo uleule wa lori.

Robokilo alirudi na kadi mkononi. "Kanipeleka duka kubwa, mwenzangu. Na kadi kaniuzia mwenyewe."

Mkaguzi aliitazama kadi ile kama anavyotazama jiwe lililotobolewa. Mizani inayosema hivi kwangu na vile kwa mwingine, aliwaza, huwa tunaifungia. Akazima simu.

Alipoiwasha siku ya tatu, ikaita papo hapo.

"Nimekukosea nini?" fundi aliuliza.

"Kwangu duka dogo. Kwa mwingine duka kubwa, lenye faida yako. Una mizani ngapi wewe?"

Fundi akakumbuka. "Yule mwembamba, aliyechungulia kibanda changu kama anatafuta panya. Ulimtuma wewe."

"Nilimtuma."

"Alikwambia ana mashine gani?"

"Mashine ni mashine."

"Muulize," alisema fundi, na akakata yeye.

Mzee alikuwa amesikia yote. Akasimamisha lori lake kando ya barabara ya kwenye kioo, akageuza kiti. "Binti yangu, mtu akiniuliza njia, namuuliza kwanza anaendesha nini. Daraja la pikipiki halivushi lori la tani thelathini. Yule kijana aliihoji mashine yangu kama daktari."

Kesho yake Robokilo alikiri kwamba aliielezea kompyuta mpya kabisa ya mumewe, na kwamba fundi alimuuliza maswali mengi aliyoona hayana maana. Hata hapo mkaguzi hakuamini. Akaiazima kompyuta hiyo, akauweka mchezo kutoka maduka yote mawili, akamwomba baba yake aendeshe njia moja mara mbili. Mchezo wa duka dogo ulishtukashtuka darajani, kwa sababu marekebisho ya mashine mpya huchelewa kufika kule. Ule wa duka kubwa ulipita laini kama mafuta, na ile programu ya kula kumbukumbu haikuhisiwa hata kidogo kwenye mashine yenye nguvu.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alikuwa amesoma vipimo viwili bila kutazama mizigo miwili. Mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemrudisha nyumbani.

Alikwenda ghorofa ya pili akiwa na gauni la buluu, bila beji, bila sanduku. Lori lilikuwa likikimbia kwenye kioo kimyakimya; spika zilizimwa. Sonara wa jirani alijifanya anang'arisha pete.

"Leo unakagua nini?" fundi aliuliza bila kugeuka.

"Nimepima mashine zote mbili. Ulisema kweli mara zote mbili."

"Kwa hiyo nimefaulu." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira iliyokaa siku nyingi. "Kupimwa sikatai. Nimekaa kwenu, nimecheka na baba yako, halafu ukashindwa kuniuliza kwa mdomo wako. Hilo ndilo lililoniuma."

"Anayeulizwa hupata muda wa kujiandaa. Kazi imenizoeza hivyo."

"Na tukishaoana, utamtuma nani?"

Mkaguzi aliweka mkono wake mezani, karibu na wa fundi, akamwambia kwamba mzee anamsubiri Jumapili. Fundi hakuuondoa wake. Alikuwa akingoja jibu la swali lake.

"Siwezi kukuahidi kwamba sitakushuku, Fundi; hapo nitakuwa nakudanganya. Ila nakuahidi hili, na sonara anasikia: nikikushuku tena, nitakuja mwenyewe, mchana, nikuulize nikikutazama machoni. Simtumi mtu."

Fundi akawasha spika, na honi ya lori ikanguruma tena ghorofa nzima.