Macho ya Enoch Tasker

Tarumbeta lililia saa kumi na mbili asubuhi, na wavulana mia mbili wa meli ya Amaranth wakaruka kutoka vitandani. Humo hamkuwa na nafasi ya uvivu. Unakunja kitanda chako cha turubai, unapanda sitahani pekupeku, unasugua mbao kwa mchanga na maji baridi ya mto Thames mpaka vidole vinakufa ganzi, ndipo unapewa uji wa shayiri. Meli yenyewe haikwenda popote. Ilikuwa manowari kuukuu iliyotia nanga chini kidogo ya London, na watu wema walikuwa wameichukua ili watoto wasio na kwao wafundishwe ubaharia.

Enoch Tasker, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa akiupenda hata ule mchanga. Majira ya baridi yaliyopita alilala nyuma ya mapipa ya soko la samaki pamoja na mdogo wake, Jem. Asubuhi moja alimtikisa Jem ili amwamshe, na Jem hakuamka. Mtu aliyepita hapo huwezi kumtisha na maji ya mto.

Lakini asubuhi hii ya Februari hakuweza kufumbua macho. Kope zilikuwa zimegandana kwa tongo za manjano. Alizibandua kwa mate, na mwanga ukamchoma kama pilipili. Ilikuwa siku ya tatu sasa, na kila siku ilikuwa mbaya kuliko jana yake.

Wavulana wote walijua habari za macho mekundu. Kabla ya Krismasi wenzao wawili waliteremshwa kwenye mashua wakiwa wamefungwa vitambaa usoni, wakapelekwa nchi kavu, wala hawakurudi.

"Baharia kipofu wa kazi gani?" wavulana wakubwa walisema. "Wametupwa mitaani walikookotwa."

Kila mvulana alikuwa na taulo lenye namba yake, na kugusa la mwenzio kulikatazwa kabisa. Kila Jumamosi serahangi Garrod, mkuu wa kazi za sitahani, aliyatandaza yote akayakagua moja moja. Taulo la Enoch likionekana na madoa ya manjano, amekwisha. Basi akawahi mahali pa kunawia kabla ya wenzake, akajifuta kwa taulo lililoning'inia karibu na lake. Lilikuwa la Pym, rafiki yake, na kila asubuhi akafanya vivyo hivyo. Pym macho yake mazima, alijiambia, nani atamshuku? Aliona haya, ila hofu ilikuwa kubwa kuliko haya.

Walipokuwa wakisugua sitaha, Pym alimchungulia usoni.

"We Tasker, unalia nini? Umemkumbuka bibi yako?"

"Moshi wa jikoni."

"Moshi gani, na moto haujawashwa? Haya lia tu, sitakusema."

Ikafika Jumamosi. Garrod alisimama mbele ya Pym akiwa na taulo mkononi. Macho ya Pym yalikuwa yamevimba, mekundu.

"Yameanza lini haya?"

"Jana, bwana."

"Jana? Na taulo lako lina madoa ya siku nyingi. Unanidanganya mchana kweupe. Nahodha alishasema, anayeficha ugonjwa hakai humu. Kafungashe."

"Haki ya Mungu sikuficha, bwana. Nitakwenda wapi mimi? Sina mtu."

Moyoni Enoch alimwona Pym nyuma ya mapipa ya soko la samaki. Alimwona amelala vile vile alivyolala Jem. Akinyamaza, Pym anakwenda huko; akisema, anakwenda yeye. Alitamani mtu mwingine aseme, na hakuwapo mtu mwingine.

"Ni mimi," alisema, na sauti haikutoka vizuri, ikabidi arudie. "Madoa ni yangu, bwana. Nimejifutia taulo lake siku zote hizi. Mwacheni Pym."

Garrod akampandisha kope kwa kidole gumba. Alipoona yaliyomo hakugomba tena.

Mashua ikawachukua wote wawili mpaka nyumba ya wagonjwa iliyokuwa ukingoni mwa mto. Na wale wawili wa kabla ya Krismasi, je? Walikuwapo humo, wanamenya viazi.

"Tasker! Karibu mrututu," mmoja alicheka. "Ukipakwa utamjua mama mzaa chema."

Kweli, daktari aliwasugua kope kwa mrututu, lile jiwe la buluu linalochoma, kila siku, na kila siku walipiga kelele. Baada ya wiki tano Pym alipona. Jicho la kulia la Enoch nalo likapona. La kushoto lilibaki na kovu jeupe, halikuona tena.

Garrod alipokuja kuwaona, Enoch alimngoja aseme neno la kufukuzwa.

"Nahodha alitaka uondoke," Garrod alisema. "Nikamwambia ulisema mwenyewe, mbele ya watu, bila kubanwa. Utabaki. Ila mlingotini hupandi tena. Utajifunza kushona matanga."

"Asante, bwana."

"Usinishukuru bado. Ungekuja siku ya kwanza, leo ungekuwa na macho mawili. Kuugua si kosa, kijana. Kosa ni kuuficha ugonjwa mpaka umpe na jirani. Uliogopa maneno ya wenzako, hukuja kuniuliza mimi ninayejua. Na nami nilimhukumu Pym kabla ya kumsikiliza, kwa hiyo nimemwomba radhi. Zamu yako sasa."

Pym alikuwa ameketi dirishani. Wiki zote tano hakuwa amemsemesha Enoch.

"Nisamehe, Pym. Niliogopa watanitupa."

Pym aligeuka akamtazama. "Ungeniambia tu," alisema hatimaye. "Ningekushika mkono tukaenda wote kwa Garrod."

Enoch akalia, na jicho lisiloona likatoa machozi sawa na lile linaloona.