Pini Katika Mkono wa Mwalimu Mkuu

Kila siku akitoka shule, Sindano alivua sare, akala, kisha akaingia chumba cha mbele ambamo mama yake alishona nguo za watu. Kazi yake ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku, kufagia vipande vya nyuzi na kumtungia mama uzi kwenye cherehani. Jina hilo la utani alipewa na majirani. Alikuwa mwembamba, na mdomo wake, walisema, ulichoma.

Siku hiyo alikuwa amenuna. Babu yake alikuwa ameketi karibu na mlango, akikata vifungo kutoka kwenye shati kuukuu.

"Mbona umevimba kama chura?" Babu aliuliza.

"Ni mwalimu wetu wa kanisani, Babu. Kila mtoto atasimulia habari za shujaa mmoja wa Biblia. Wenzangu wamepewa Daudi, Samsoni, Esta. Mimi nimepewa kijakazi wa Naamani. Hana hata jina! Kasema neno moja tu, basi."

"Neno gani?"

"Kwamba bwana wake mwenye ukoma akienda kwa nabii, atapona."

Babu aliendelea kukata vifungo. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimejikunja tangu ujanani, lakini havikumzuia kazi. "Yule binti alikuwa mateka," alisema. "Bwana wake ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi lililomteka. Angeweza kunyamaza, amwangalie anavyooza. Na kama neno lake lingekuwa la uongo, unadhani nani angekiona cha mtema kuni?"

Mama alisimamisha cherehani akamwita Sindano. "Mwalimu Mkuu anataka glavu nyingine na mapazia mazito. Mguu wangu umevimba, siwezi kufika. Nenda ukampime."

Sindano alichukua utepe wa kupimia shingo upande. Mwalimu Mkuu alikuwa amestaafu miaka mitatu iliyopita, lakini watu wote bado walimwita hivyo. Zamani alipokohoa tu, shule nzima ilinyamaza. Tangu mkewe afariki, aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho mtaani, na mchana hakuonekana nje. Maagizo yake yalifika kwa vikaratasi: mashati ya mikono mirefu, kola za juu, glavu. Na joto lote lile!

Alipiga hodi mara tatu. Hakuna aliyeitika, ila mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani palikuwa na giza la mapazia, na harufu ya kitu kilichoungua, si kuni wala nguo. Kioo kikubwa ukutani kilikuwa kimefunikwa shuka, kama kwenye nyumba iliyohamwa.

"Ingia. Usifungue dirisha," sauti ilisema kutoka pembeni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pima."

Alimwona taratibu, macho yake yalipozoea giza. Aliketi wima kitini, amevaa kama mtu anayesubiri mkutano. Alinyoosha mkono wenye glavu. "Kidole hiki cha mwisho ukishone kikiwa kimepinda," alisema. Hakueleza kwa nini.

Sindano alikunja ukingo wa glavu ili aubane kwa pini. Pini iliteleza, ikapenya kitambaa, ikazama kwenye kifundo cha mkono wa mzee, kikabaki kichwa chake tu.

Aliganda akingoja ukelele. Haukuja.

"Mapazia yafike chini kabisa," Mwalimu Mkuu aliendelea kusema, kwa sauti ile ile. "Nuru isipite hata uzi."

Sindano aliichomoa pini polepole. Ncha yake ilikuwa nyekundu. Mzee hata hakuangalia.

Alitoka mbio. Bombani alimkuta rafiki yake, ambaye kwa kushindwa kutunza siri aliitwa Redio. "Nimemchoma Mwalimu Mkuu pini nzima, na hakustuka!" Sindano alisema akihema. Wasichana wengine wakaacha ndoo zao wakasogea. Hakuna siku waliyowahi kumsikiliza hivyo. Ikawa tamu, akaongeza chumvi: "Na hata damu haikutoka. Nadhani hana damu."

Alijua damu ilitoka. Aliiona.

Hadi siku ya tatu, habari ile ilikuwa imeota miguu. Walisema Mwalimu Mkuu alikufa pamoja na mkewe na aliyebaki ni kivuli chake. Kijana wa dukani aliyempelekea unga na mafuta alikataa kwenda tena. Watoto walirusha mawe juu ya bati lake wakakimbia, na kutoka ndani hakusikika hata neno la kukemea. Ukimya huo ndio uliowatisha zaidi.

Habari ilimfikia Babu. Alimwita Sindano, akamketisha. "Hii ya mtu asiye na damu imetoka wapi?"

Sindano alijaribu kuzungukazunguka, lakini kwa Babu hakuna aliyefika mbali. Alieleza yote, na uongo aliouongeza.

Babu hakumgombeza. Alinyoosha ule mkono wake wa kushoto. "Mimi nilianza hivyo hivyo. Siku moja nilikuwa jikoni, nikanusa nyama inaungua. Nikauliza, leo nani anatuchomea nyama? Kumbe ni kiganja changu, nimekishikiza kwenye sufuria, wala sisikii maumivu."

Sindano alisisimka mwili mzima. Siku zote alidhani Babu aliumia kazini. "Ulikuwa na ukoma, kama Naamani?"

"Nilikuwa nao, nikameza dawa, nikapona. Ila nilichelewa, vidole vikabaki hivi. Mwalimu Mkuu ana nini, watakaosema ni wa kituo cha afya. Lakini lazima mtu amwambie aende."

"Nenda wewe, Babu."

"Nitakusindikiza hadi mlangoni. Mtu mzima yeye hamfungulii mlango. Na maneno yanayomrushia mawe hayakutoka kinywani mwangu."

Walikwenda saa nane mchana, jua likiwa kali. Babu alibaki barazani. Sindano aliusukuma mlango, na pale pale akaona alama sakafuni. Zilikuwa nyayo za kiatu, lakini za kulia tu, nyekundu mbichi. Zilitoka jikoni, zikapita sebuleni, zikazunguka kiti, zikarudi jikoni, zikazunguka tena, kama mtu aliyetembea hivyo tangu asubuhi. Alitaka kukimbia. Meno yaligongana mdomoni. Akajiambia: sema kwanza, utakimbia baadaye.

Alizifuata. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama kando ya meza ya jikoni.

"Nani amekuruhusu?"

"Mwalimu, mguu wako unatoka damu."

Mzee aliinama. Alivua kiatu taratibu. Msumari ulikuwa umepenya soli na kuingia katika unyayo. Aliutazama mguu ule kama anatazama mguu wa mtu mwingine.

"Mimi ndiye niliyesema huna damu," Sindano alisema haraka, kabla ujasiri haujamwisha. "Niliona damu kwenye pini nikadanganya, ili wanisikilize. Mawe yale ni kwa sababu yangu. Nisamehe, Mwalimu. Na Babu yangu aliwahi kufa ganzi kama wewe. Alikwenda kituo cha afya akapona. Nenda na wewe."

"Toka!" Sauti ile ya zamani ilitikisa vikombe.

Sindano alirudi nyuma hatua moja. Miguu iligoma kwenda zaidi. "Nitatoka. Lakini nenda, Mwalimu. Vidole vya Babu havikunyooka kwa sababu alichelewa."

Mzee alikaa chini polepole, kiatu chenye msumari kikiwa kando yake. Alivua glavu moja, halafu ya pili. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya moto na mabaka meupe. "Nimejua muda mrefu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilipokuwa mkuu wa shule nilimfukuza mtoto kwa mabaka kama haya. Mbele ya shule nzima. Sasa ningepitaje mbele za watu?"

Babu, aliyesikia ule ukelele, alikuwa ameshaingia. Hakusema mengi. Aliushika mkono wa Mwalimu Mkuu kwa mkono wake uliojikunja. "Tupite wote watatu," alisema.

Waliufunga mguu kwa kitambaa, wakapita mtaani mchana kweupe. Watu walitoka milangoni. Hakuna aliyerusha jiwe. Katika kituo cha afya walikaa kwenye benchi na kungoja zamu kama wengine. Muuguzi alimpima, akathibitisha kuwa ni ukoma, akampa dawa za mwezi wa kwanza kati ya miezi kumi na miwili, bila malipo. "Ukianza dawa, humwambukizi mtu," alisema. "Ganzi ya zamani huenda isiondoke yote, kwa hiyo kagua miguu na mikono yako kila siku." Aliagiza pia watu wa karibu waje kuchunguzwa ngozi, na Sindano akawa wa kwanza kukunja mikono ya nguo.

Jioni ile Sindano alizunguka nyumba kwa nyumba na Redio, akisema, "Nilidanganya. Damu anayo, anaumwa tu, na anatibiwa." Wengine walimcheka. Mmoja alimwita mwongo usoni pake. Aliinamisha kichwa akaenda nyumba iliyofuata.

Jumamosi, mwalimu wa kanisani, aliyezisikia habari zile mtaani, alimwambia, "Kesho usisimulie habari za kijakazi wa Naamani. Simulia zako! Kanisa zima litakupigia makofi."

Sindano alirudi nyumbani akiruka. Babu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ugonjwa ni wa nani?"

"Wa Mwalimu Mkuu."

"Amekutuma ukautangaze kanisani?"

"Hapana," Sindano alijibu, na furaha ikamwisha.

"Mjukuu wangu, ulipoingia kwenye ile nyumba ulisema neno lililomfaa yeye, ingawa wewe ulitetemeka. Huo ndio ujasiri. Kesho ukilisema kanisani, litakufaa wewe na kumwacha yeye uchi. Mtu mnyenyekevu akishatenda wema hausindikizi kwa ngoma. Ukitaka kufungua kinywa, jiulize kwanza: neno hili linakwenda kumsaidia nani?"

Sindano alichukua Biblia ya mama yake rafuni, akaketi kando ya Babu, akaanza kusoma habari za yule kijakazi wa Naamani tangu mwanzo.