Seli Zilizozamishwa Jumamosi ya Wafu

Kilichouawa kingeweza kufunikwa kwa viganja viwili vya mikono.

Visahani vilipangwa mezani kwa safu, vimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Inspekta Tihomir Balev alikiinua kitambaa kwa ncha ya kalamu. Kila kisahani kilijaa maji ya rangi ya waridi hadi ukingoni.

"Zote zimekufa," alisema Daktari Yavor Lichev, macho mekundu.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Ni seli za njia ya hewa, za mekanika mmoja wa gereji ya mabasi hapa Plovdiv. Zina vinyweleo vinavyofagia uchafu, kama vilivyomo kifuani mwako. Kesho tungezipulizia masizi ya dizeli ya gereji ileile. Masizi yakitua, vinyweleo hulegea, ute huzidi, seli huwaka kama kidonda. Hayo ndiyo tuliyotaka kumwonyesha hakimu."

"Kuna kesi?"

"Mekanika wanadai mitambo ya kuvuta moshi. Bila seli hizi, wakili wa kampuni atasema kikohozi chao ni cha sigara, na hakimu atafuta kesi."

Mlango haukuvunjwa. Mlinzi alikumbuka mgeni mmoja tu jana, Jumamosi: Galin Mutafov, meneja wa gereji. Balev akamwita kituoni.

"Ulifuata nini maabara?"

"Nilileta kopo la masizi. Amri ya mahakama."

"Uliingia chumba cha seli?"

"Niingie kufanya nini?"

"Kuziharibu."

Mutafov akacheka kwa hasira. "Inspekta, maua ya mke wangu tu hunifia nikiyatazama. Mimi nikitaka kuharibu kitu nachukua nyundo!"

Balev alimtazama mikono. Mikono mizito, ya kupiga meza. Akamwachia, na moyoni akaona kwamba neno lile la nyundo lilikuwa la kweli.

Alirudi maabara. Mtaalamu wa uchunguzi alikuwa amemaliza kupima. "Si sumu, afande. Si tindikali. Ni chakula kilekile cha seli cha kila siku. Chupa ilipashwa moto kwanza. Chombo cha kupashia bado kinawaka."

"Chakula kinauaje?" Balev alimgeukia daktari.

"Seli hizi hulishwa kutoka chini. Juu pawe pakavu, zipumue. Huyu alimimina juu, akaziacha mezani kwenye baridi usiku kucha. Zikazama."

"Kwa hiyo haijui kazi."

"Anaijua kuliko mimi. Amemimina tone kwa tone, ukutani mwa kisahani. Hakuna hata seli moja iliyong'olewa."

Balev alikitazama tena kitambaa cheupe. Adui gani huipasha moto silaha yake? Adui gani humfunika aliyemuua?

Mlango ukafunguliwa taratibu. Aliingia Mama Stamena Rusinova, mlezi wa seli, mwanamke wa makamo aliyevaa nguo nyeusi. Alikuwa na bakuli la ngano iliyochemshwa kwa sukari na karanga.

"Hamjala tangu asubuhi," alisema. "Jana ilikuwa Jumamosi ya Wafu, imebaki nyingi. Chukua kijiko, mwanangu."

Balev alipokea. Ngano ya wafu, inayogawiwa kuwakumbuka marehemu, haikataliwi. "Mungu amrehemu. Ni ya nani, mama?"

"Ya Lazar, mume wangu."

"Alifanya kazi gani?"

"Mekanika. Wa mabasi."

Kijiko cha Balev kikasimama hewani. Akilini alimwona mama yake mwenyewe makaburini, Jumamosi kama ile, akimimina maji na divai juu ya kaburi la baba, polepole, kana kwamba anamwosha mtoto asimwamshe.

"Mama Stamena, jana ulitoka makaburini ukaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Moja kwa moja?"

Mama Stamena alipanga vijiko upya. Havikuhitaji kupangwa.

"Mama."

"Nilipita hapa," alisema.

"Lakini wenye seli hatuwajui!" daktari alimaka. "Ni namba tu!"

"Kwako ni namba, Yavor. Kile kipande cha pafu kililetwa siku Lazar alipopasuliwa. Nilikipokea kwa mikono hii, bado kina joto. Alikuwa amekubali mwenyewe, ila hakujua kingefika kwangu. Yeye akafa, mimi nikakaa nikimlisha."

"Kwa nini ukaziua?" Balev aliuliza kwa upole.

"Alivuta masizi yale maisha yake yote. Akirudi jioni nilimmiminia maji anawe, yakatoka meusi. Kifuani sikuweza kumwosha. Na kesho mlikuwa mnampulizia tena!" Aligeukia visahani. "Nikasema hapana, si mara ya pili. Nikammiminia kama kaburini. Nikamfunika."

"Na wenzake, mama? Kesi yao?"

Hapo ndipo alipolia. "Niliwasahau. Jana nilimwona yeye tu."

Daktari alivua miwani, akamvutia kiti.

"Hakimu akijua ni nani na kwa nini, ataahirisha," alisema Balev. "Asipojua, ataona maabara ya ovyo, atafuta kesi."

"Nitamwambia mwenyewe. Kazi yangu na iende," alisema Mama Stamena.

"Zimebaki nyingine?" Balev alimuuliza daktari.

"Kichupa kimoja, kimegandishwa. Cha huyohuyo." Daktari aliinamisha kichwa. "Sitakigusa, mama, usipotaka."

Mama Stamena alifuta uso kwa upindo wa kitambaa chake.

"Metodi bado anakohoa? Yule aliyekuwa na Lazar shimo moja chini ya mabasi?"

"Anakohoa," alijibu daktari. "Sasa hata ngazi hapandi."

Balev alimshikia koti. Mkono mmoja wa mama ulichelewa kulipata tundu la koti, akaungoja. Mlangoni mama yule aligeuka.

"Ziyeyushe, Yavor. Uzilishe kutoka chini, chakula kiwe na joto. Na siku ya masizi mniite, popote nitakapokuwa. Nitasimama karibu. Asiwe peke yake."