Kidole cha Tusajigwe

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Mhandisi Ambakisye Mwakalobo, na lisemwe mapema ili asitafutwe mwingine. Alisafiri siku tatu kutoka Duniani hadi Kituo cha Mwezi, na miaka yake sitini na tisa na goti bovu, ili mashine yake izinduliwe kwa kidole cha mjukuu wake mwenyewe.

Mashine iliitwa Msomanasaba. Lilikuwa sanduku la kijivu lenye tundu moja. Ukiingiza kidole, lilinyonya tone la damu, likalilinganisha na kumbukumbu zote za Shirikisho, likatamka uraia wako kabla hujamaliza kupiga chafya. Duniani lilikuwa limeua foleni na bahasha za makarani kwa miaka kumi na miwili. Leo lilisimikwa Mwezini, na kwa kuwa Mwezi si nchi ya mtu, anayezaliwa huko hufuata uraia wa wazazi wake.

"Nileteeni mama yangu!" Mwakalobo akatania. Kichanga kilipewa jina la mama mzazi wa Mwakalobo, Tusajigwe, basi kwa desturi ya kwao huyo alikuwa mama yake, hata kama ana wiki saba.

"Mama yako kakojoa, Baba," Sekela akajibu, akimkabidhi mtoto. Ukumbi ukaangua kicheko.

Sekela alikuwa binti yake wa kuasili. Alimchukua akiwa na miezi minne, kutoka visiwa vya mbali ambavyo bahari ilikuwa inavimeza. Sasa havipo hata kwenye ramani. Baba wa mtoto, mchimbaji mzaliwa wa visiwa hivyohivyo, alifukiwa mgodini huko Mwezini miezi mitano nyuma. Alikufa hana nchi.

Kidole cha Tusajigwe kikaingia tunduni. Akalia kidogo. Mashine ikasema, kwa sauti ya upole ambayo Mwakalobo mwenyewe ndiye aliyeichagua: "Hana uraia. Asipande chombo."

"Rudieni."

Wakarudia mara tatu. Kidole kikavimba.

Karani wa kituo, Bi Chausiku, akasoma kioo. "Mama ni raia wa kupewa, mzee. Raia wa kupewa anarithisha mtoto aliyezaliwa kwenye ardhi ya Shirikisho tu. Huyu kazaliwa huku juu."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

Bi Chausiku akakohoa. "Kuna sahihi yako hapa."

Hapo akakumbuka. Wakati mashine inaundwa, kamati ilimwuliza: mtoto aliyeasiliwa kutoka nje awekwe na waliozaliwa raia, au na waliopewa? Sheria iliruhusu yote mawili. Walimwuliza yeye kwa sababu walijua ana mtoto wa namna hiyo nyumbani. Akaogopa kuambiwa anapendelea. "Wekeni kwa waliopewa," alisema. "Hata wangu simbebi!" Wakampigia makofi. Kisa hicho alikisimulia mezani mara ngapi, Sekela akipakua ugali na kucheka pamoja naye. Na kwa miaka yote hiyo uamuzi huo haukumdhuru mtu, kwa kuwa hakuna mtoto wa watoto hao aliyewahi kuzaliwa nje.

Chombo cha kurudi Duniani kilikuwa kinaondoka keshokutwa. Kingine kingekuja baada ya miezi minane. Na kila mtu ukumbini alijua kwamba kichanga kikipitisha miezi mitatu Mwezini, kwenye uzito hafifu wa huko, mifupa yake haikomai. Kikishushwa Duniani baadaye, kifua hakiwezi hata kujiinua kivute hewa. Mama aliruhusiwa kupanda. Mtoto hakuruhusiwa.

"Nitaandika barua," Mwakalobo alisema. "Kamati itakaa."

"Lini?"

"Miezi sita hivi. Saba."

Sekela akamchukua mtoto mikononi mwake. Akakifuta kile kidole kwa pindo la khanga, taratibu, kama hana haraka ya kwenda popote.

"Sekela, mwanangu, nisikilize. Sheria ilikuwa moja kwa wote. Wewe hukukosa kitu. Pasipoti unayo, shule ulisoma, kura unapiga. Nilikuchukua ukawa mtoto wangu. Kuna siku hata moja nilikutenga?"

"Hakuna, Baba," Sekela alisema. "Ulinichukua niwe mtoto. Hukunichukua niwe mama wa mtu."