Maji ya Baraka Yenye Moto

— Kalaba, maji ya baraka njo ulienda kupima ku laboratoire?

Papa aliuliza polepole, na ile neno njo, ni kusema «ndiyo yenyewe», ilinitisha. Papa yangu Godefroid alikuwa katekista wa shapele yetu ya cité, Élisabethville. Kila jumamosi alichota maji ku kisima, mon père, padri wetu, anaibariki, bamama banaibeba kunywesha batoto wenye homa. Kalaba, mchumba wangu, alikuwa anatumika ku laboratoire ya lopitali. Mwaka ule batoto balikuwa banaharisha sana.

— Ndiyo, Papa. Niliangalia na mikroskopi. Iko na bidudu.

— Bidudu ndani ya baraka?

— Ndani ya maji, Papa. Baraka haionekane mule.

Nilitaka kucheka, nikauma midomo.

— Sikia. Mutoto wangu Wivine simupe muntu anayemupima Mungu. Useme mbele ya bakristu ulikosea, ao utafute mwanamuke mwingine.

Kalaba alizungusha kofia mukononi. Ule muntu alisali rozari kila magaribi. Nilimupenda juu ya ile, na juu ya kichwa chake kigumu.

— Papa, nikisema uongo mbele ya altare, utanipa muke na utaninyang'anya Mungu.

Akaenda. Nililia pembeni ya mbabula, jiko yetu ya makaa, sufuria ya Mama inatokota juu yake. Nikaiangalia weee, kisha nikapangusa machozi.

— Papa, mon père anaweza kubariki maji yenye moto?

— Maji iko maji.

— Basi tuichemshe kwanza, kisha abariki.

Papa akainama kuangalia sufuria.

— Na ile bidudu?

— Itakufa.

— Na baraka?

— Papa, weye njo katekista. Uniambie.

Akacheka, sha, akacheka mpaka machozi. Jumamosi nilimukuta anapuliza moto yeye mwenyewe, na sufuria kubwa ya sikukuu.

— Umuite ule kichwa kigumu, anisaidie kubeba.

Siku ya ndoa yetu, mon père alitunyunyizia maji. Iliniangukia usoni ingali na moto kidogo. Kalaba akaninong'oneza:

— Papa yako alichelewa kuwasha mbabula.

Leo Kalaba wangu iko ku makaburi. Nikifika ku mulango wa kanisa, natia kidole ndani ya maji ya baraka, naikuta baridi, na roho inaniuma.